Maji Ndani ya Hewa: Somo Kutokana na Mfumo wa Hewa Iliyoshindiliwa wa Ndege ya Fokker F27

Utangulizi

Mtu anayejaza upepo katika tairi la baiskeli hufanya mambo matatu kwa wakati mmoja, ingawa yeye huliona moja tu. Kwanza, huisonga hewa nyingi mahali padogo. Pili, huipasha moto hewa hiyo. Aguse mwisho wa pampu baada ya kupiga mara thelathini, naye atasadiki. Tatu, huukusanya pamoja na hewa ule mvuke wa maji uliokuwa umetawanyika ndani yake. Jambo la kwanza ndilo lililokusudiwa. La pili na la tatu huja bila kuitwa, na katika mitambo mikubwa ndiyo yanayoleta maradhi.

Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo matatu yanavyotokea katika mfumo wa hewa iliyoshindiliwa wa ndege kongwe, na jinsi mfumo huo unavyotengenezwa unapoharibika. Ndege tuliyoichagua ni Fokker F27 Friendship, na mahali ni pwani ya Lindi na Kilwa, ambako hewa ina joto, unyevu na chumvi. Tunataka kuonyesha jambo moja: hitilafu ya mfumo huu huonekana kwenye breki au kwenye mguu wa ndege, lakini chanzo chake aghalabu ni maji yaliyoingia pamoja na hewa yenyewe. Fundi anayebadilisha kipuri kibovu bila kuyaondoa maji hayo hajatengeneza kitu, ameahirisha tu.

Masomo yanayohitajika hapa ni yale ya sekondari: kanuni ya Boyle, uhusiano wa kanieneo na halijoto, unyevuanga, na nishati. Kanieneo ni kani inayokandamiza juu ya kila kipimo cha eneo. Tutaipima kwa angahewa, yaani kwa kuilinganisha na kanieneo ya kawaida ya hewa usawa wa bahari.

Ndege na pwani ya kusini

Pwani ya kusini ya Tanzania ilizoeana na ndege mapema. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndege za Waingereza zilipaa kutoka visiwa vya Niororo na Mafia kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Joto na unyevu vilizitesa ndege hizo za mbao na gundi, na injini zake zikapungukiwa nguvu. Mnamo mwaka 1937 ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways, zikiwa katika safari ndefu baina ya Uingereza na Durban, zilianza kutua Lindi.

Fokker F27 ni ya kizazi cha baadaye. Iliundwa Uholanzi, ikaruka mara ya kwanza tarehe 24 Novemba 1955, na kuanza kubeba abiria mwaka 1958. Ina injini mbili za Rolls-Royce Dart zenye mapanga, na mabawa yake yako juu ya kiwiliwili. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa nazo tangu miaka ya 1960. Shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977 na Shirika la Ndege Tanzania kuundwa, F27 ziliendelea kuhudumia safari za ndani ya nchi. Sasa ndege hizo zimekwisha kuondoka katika huduma hiyo, na zilizobaki duniani ni chache. Ni ndege za kuhifadhiwa na kusomewa.

Umuhimu wa ndege kwa watu wa kusini haukuwa wa anasa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka mto Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi ilikuwa ikikatika. Kwa mgonjwa aliyesubiri kupelekwa hospitali kubwa, au zahanati iliyosubiri dawa, ndege iliyolala kiwanjani kwa sababu ya breki ilikuwa ni jambo la uhai. Ndiyo maana inafaa kujua breki hiyo ilifanyaje kazi.

Kwa nini hewa na si mafuta

Ndege nyingi hutumia mafuta yaliyo chini ya kanieneo kubwa ili kukunja magurudumu na kufunga breki. F27 ni miongoni mwa ndege chache zinazotumia hewa kwa kazi hizo: kukunja na kukunjua miguu, kufunga breki, na kugeuza gurudumu la mbele ndege inapotembea ardhini. Ndege ndogo ya Kiingereza de Havilland Dove, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1945, nayo iliendesha miguu, breki na vibawa vyake vya kutulia kwa hewa.

Hewa ina sifa zake. Ni nyepesi, haishiki moto kama mafuta, na hupatikana kila mahali bila kununuliwa. Tena haihitaji bomba la kuirudisha ilikotoka: ikishamaliza kazi yake huachiwa nje. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, hubonyea, na kwa hiyo huweka nishati nyingi ndani yake kama upinde uliovutwa. Pili, haiji peke yake. Huja na maji, vumbi na chumvi ya mahali ilipochotwa.

Safari ya hewa ndani ya ndege

Hebu tuifuate hewa tangu inapoingia hadi inapotoka. Kila injini huzungusha kompresa moja. Kompresa huivuta hewa na kuishindilia kwa hatua, silinda moja baada ya nyingine, mpaka kanieneo yake ifike kiasi cha angahewa 230. Ikifika hapo, vali maalumu huifungulia kompresa njia ya nje ili ipumzike. Kanieneo ikishuka kufikia kama angahewa 200, vali hiyo hujifunga na kompresa huanza tena kazi.

Kutoka katika kompresa hewa hupitia kitenganishi cha maji, ambamo matone hutuama chini na kumwagwa nje. Kisha hupitia kikaushio chenye chembechembe za dawa inayonyonya mvuke uliosalia. Halafu hupitia chujio, na mwishowe huingia katika mitungi ya akiba. Kuna mtungi mkuu, kuna wa breki, na kuna wa dharura ambao hauguswi ila pale njia ya kawaida inaposhindwa. Kati ya mtungi mkuu na mashine za kukunja miguu ipo vali ya kupunguza kanieneo kutoka angahewa 230 hadi kiasi cha 70, maana hiyo ndiyo inayotosha kwa kazi.

Msomaji ataona kwamba kabla hewa haijafika kwenye kazi yoyote imepitishwa mahali patatu pa kusafishwa. Waundaji walimjua adui wao.

Joto la kushindilia

Kwa nini kompresa haishindilii hewa kwa pigo moja? Jibu limo katika ile pampu ya baiskeli. Hewa inaposhindiliwa kwa haraka, kazi inayofanywa juu yake hugeuka kuwa joto. Tukichukua hewa ya nyuzi 30 za sentigredi na kuishindilia ghafla kwa mara moja hadi angahewa 230, bila kupoteza joto lolote, hesabu inaonyesha kwamba halijoto yake ingepita nyuzi 1,100. Mafuta ya kulainishia yangewaka, na vyuma vingeharibika.

Sasa tuigawe kazi hiyo katika hatua 4, na baada ya kila hatua tuiache hewa ipoe mpaka irudi nyuzi 30. Kila hatua itaongeza kanieneo karibu mara 3.9 tu, kwa kuwa 3.9 ikizidishwa yenyewe mara nne hutoa kiasi cha 230. Halijoto katika kila hatua itafika karibu nyuzi 175, kiasi ambacho chuma na mafuta huweza kustahimili. Hivyo mapezi ya kupozea yaliyo juu ya kompresa ni sehemu ya lazima. Yakizibwa na vumbi, joto hupanda, mafuta huungua na kuacha masizi, na masizi hayo huzuia vali kufunga sawasawa. Fundi akikuta masizi, ayasafishe, kisha aulize: kwa nini hewa hii haikupoa?

Maji yanatoka wapi?

Hewa ya nyuzi 30 huweza kubeba mvuke wa maji usiozidi gramu 30 hivi katika kila mita moja ya ujazo. Kiasi hicho kikijaa tunasema unyevuanga ni asilimia 100. Pwani ya Lindi, hasa nyakati za masika, si ajabu unyevuanga kuwa asilimia 80. Maana yake ni kwamba kila mita ya ujazo ya hewa inayovutwa na kompresa imebeba karibu gramu 24 za maji yasiyoonekana.

Sasa tuishindilie hewa hiyo. Kwa kanuni ya Boyle, mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ikishindiliwa hadi angahewa 230 na kupoa tena hadi nyuzi 30 itashika nafasi ya lita 4.3 tu. Na uwezo wa nafasi kubeba mvuke hutegemea hasa halijoto na ukubwa wa nafasi hiyo. Wingi wa hewa iliyosongwa humo hauongezi kitu kikubwa. Lita 4.3 kwa nyuzi 30 hubeba mvuke wa kiasi cha gramu 0.13. Maji mengine yote, zaidi ya asilimia 99 ya yale yaliyoingia, hayana budi kugeuka kuwa matone.

Tuendelee mpaka tuujaze mtungi. Tuseme mtungi una lita 10. Ili kuufikisha angahewa 230 twahitaji lita 2,300 za hewa ya nje, yaani mita za ujazo 2.3. Hewa hiyo ilikuwa na maji gramu 24 mara 2.3, sawa na gramu 55 hivi. Hicho ni kikombe kimoja cha kahawa, kama kile cha muuza kahawa wa mtaani. Kikombe kimoja kwa mtungi mmoja, kwa kujaza mara moja tu! Na ndege hutumia hewa na kuijaza tena kila inaporuka na kutua.

Kama kompresa hiyo hiyo ingefanya kazi mahali pakavu, penye unyevuanga wa asilimia 30 kwa halijoto ile ile, maji yangekuwa gramu 21 tu. Kwa hiyo ndege inayokaa pwani hukusanya maji zaidi ya mara mbili kuliko inayokaa mahali pakavu, ingawa kitabu cha matengenezo ni kimoja na mashine ni ile ile. Kikaushio cha ndege ya pwani huchoka mapema, na fundi wa pwani hana budi kukiangalia mapema.

Madhara ya maji hayo

Maji yakipita kitenganishi na kikaushio hufanya madhara ya namna tatu.

La kwanza ni kutu. Mtungi wa chuma huliwa kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Hewa iliyovutwa karibu na bahari huja na chembe ndogo za chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Magamba ya kutu hubanduka, hewa huyabeba, nayo huenda kukaa penye tundu jembamba la vali.

La pili ni barafu. Hewa inayotoka penye kanieneo kubwa na kupita katika tundu jembamba hupoa. Ikishuka kutoka angahewa 230 hadi 70 hupoteza kiasi cha nyuzi 20. Ardhini Lindi, penye nyuzi 30, jambo hilo halina madhara. Lakini katika kimo cha mita 6,000 hewa ya nje iko chini ya nyuzi 0, na mabomba yamekwisha kupoa. Tone moja la maji katika vali ya kupunguza kanieneo litaganda na kuziba njia. Ndege ikishuka na kutua, barafu imeyeyuka, na fundi hakuti kitu. Hitilafu ya namna hii, inayotokea angani na kutoweka ardhini, imewapotezea mafundi wengi siku nyingi.

La tatu ni kuharibika kwa sili. Ringi za mpira zinazozuia hewa isivuje hutegemea grisi maalumu na uso laini wa chuma. Maji huiondoa grisi, kutu huukwaruza uso wa chuma, na ringi hukatika. Hapo ndipo hewa inapoanza kuvuja, na hapo ndipo watu wanapoanza kusema kwamba breki ni mbovu.

Kutafuta hitilafu: hesabu kabla ya spana

Tuchukue mfano wa kufikirika. Ndege imelala katika kiwanja cha Kikwetu, karibu na mji wa Lindi. Saa 9 alasiri, baada ya mitungi kupoa na kulingana na hewa ya nje yenye nyuzi 33, geji ilionyesha angahewa 230. Saa 12 asubuhi halijoto ni nyuzi 23, na geji inaonyesha 215. Je, mfumo unavuja?

Mwenye haraka atajibu: ndiyo, umepoteza angahewa 15. Lakini kanieneo ya gesi iliyofungiwa mahali pamoja hupungua halijoto inaposhuka. Tugeuze halijoto kuwa kelvini kwa kuongeza 273: alasiri ilikuwa 306, asubuhi ni 296. Hata kama hakuna kilichovuja, geji ingesoma 230 mara 296 gawanya kwa 306, yaani karibu 222.5. Basi katika upungufu wa angahewa 15, nusu ni baridi ya alfajiri na nusu nyingine ndiyo mvujo. Kama geji ingesoma 222, fundi angekuwa na haki ya kwenda kunywa chai.

Mvujo ukithibitika, utafutaji hufuata utaratibu. Kwanza, sehemu za mfumo hutengwa moja moja kwa vali zake, na kila sehemu huangaliwa kama inashika kanieneo. Fundi asiyetenga huzunguka ndege nzima. Fundi anayetenga hubakiwa na bomba mita mbili. Pili, kila kiungo cha sehemu hiyo hupakwa maji ya sabuni iliyoruhusiwa kwa kazi hiyo, na povu huonyesha mahali. Sabuni ya kufulia haifai, kwa sababu huweza kuacha chumvi zinazokula madini. Baada ya kupima, povu huoshwa na mahali hapo hukaushwa. Kamwe mtu asitumie kiganja kutafuta hewa inayotoka: hewa ya kanieneo hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake huweza kuwa dogo kwa nje na kubwa kwa ndani.

Tatu, kabla ya kufungua chochote, maji ya kitenganishi na ya mitungi humwagwa katika chombo safi na kuangaliwa. Maji hayo yana habari. Yakiwa machache na meupe, vikaushio vinafanya kazi. Yakiwa mengi, kikaushio kimechoka. Yakiwa na rangi ya kahawia, mtungi au bomba lina kutu. Yakiwa mazito kama tui la nazi, yamechanganyika na mafuta, maana yake ringi za pistoni za kompresa zinapitisha mafuta. Sili iliyokatika huonyesha mahali pa maradhi. Maji haya huonyesha sababu.

Matengenezo

Kanuni ya kwanza ya matengenezo ni kwamba nati ya mfumo wa hewa haikazwi wala kulegezwa ikiwa bado kuna kanieneo ndani. Hewa huachiwa polepole mpaka geji isome 0, na geji yenyewe haiaminiwi peke yake. Vali ya kumwagia huachwa wazi wakati wote wa kazi.

Baada ya hapo kazi hufuata njia ya hewa, kutoka kompresa kwenda kwenye breki, wala si kinyume chake. Mapezi ya kompresa husafishwa. Kitenganishi hufunguliwa na njia yake ya kumwagia maji huzibuliwa. Dawa ya kikaushio hubadilishwa na chujio husafishwa au kubadilishwa. Mabomba hupulizwa kwa hewa kavu. Ndipo ringi iliyokatika katika vali ya breki hubadilishwa, baada ya uso wa chuma kukaguliwa kama una mikwaruzo. Anayeanza na ringi na kuishia hapo atairudia kazi yake baada ya majuma machache.

Mitungi hutolewa na kupimwa kwa muda uliowekwa. Hapa pana jambo linalowashangaza wanafunzi: mtungi wa hewa hupimwa kwa maji. Hujazwa maji pomoni, na maji hayo husukumwa kwa pampu mpaka kanieneo izidi ile ya kazi ya kawaida. Kwa nini tuingize maji katika mtungi ambao tumehangaika kuukausha?

Sababu ni nishati. Mtungi wetu wa lita 10 wenye hewa ya angahewa 230, ukipasuka na hewa kupanuka ghafla, huweza kutoa jouli 400,000 hivi. Nishati hiyo yatosha kuinua gari la tani moja hadi kimo cha mita 40. Maji, kinyume chake, hayabonyei kwa urahisi; kwa angahewa 230 hupungua ujazo kwa asilimia 1 tu, na nishati iliyohifadhiwa ndani yake ni kiasi cha jouli 1,200. Mtungi dhaifu ukipasuka ukiwa na maji, fundi hulowa. Ukipasuka ukiwa na hewa, karakana huomboleza. Baada ya kipimo mtungi hukaushwa kabisa kwa hewa kavu yenye joto.

Mfumo ukisharudishwa mahali pake, kanieneo hupandishwa kwa hatua, na katika kila hatua fundi husimama na kusikiliza. Kisha ndege huinuliwa juu ya jeki, miguu hukunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa, breki hufungwa na kufunguliwa, na njia ya dharura hujaribiwa peke yake. Kitabu cha matengenezo cha waundaji ndicho sheria katika kazi yote hii, na makala haya hayachukui nafasi yake. Yanaeleza tu kwa nini sheria hizo ziliandikwa.

Somo hili nje ya kiwanja cha ndege

Msomaji aweza kusema kwamba F27 zimepita na habari yake imekwisha. Sivyo. Katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 husafirishwa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam. Gesi hiyo hukaushwa kisiwani kabla ya kuingizwa bombani. Sababu ni zile zile: maji ndani ya gesi iliyoshindiliwa huleta kutu, na huweza kufanya kitu kigumu kama barafu kinachoziba njia. Mtungi wa mzamiaji hujazwa hadi angahewa 200 hivi, karibu sawa na mtungi wa F27, nao hukaguliwa kwa ndani na kupimwa kwa maji. Hata kompresa ya fundi wa matairi pale stendi ina kizibo chini ya tangi lake. Kizibo hicho kiliwekwa ili kumwagia maji. Tangi lisilomwagwa maji huliwa na kutu taratibu, na siku moja huweza kupasuka mbele ya watu.

Kijana wa Kilwa au Lindi atakayefanya kazi katika mitambo ya gesi, hospitalini penye mitungi ya oksijeni, au katika karakana yoyote, atakutana na adui huyu. Ni vema amjue tangu darasani.

Majaribio ya darasani

1. Jaza upepo katika tairi la baiskeli kwa haraka, kisha gusa mwisho wa pampu. Rudia polepole, ukipumzika baada ya kila mapigo matano. Eleza tofauti, na uihusishe na hatua za kompresa.

2. Tia maji kidogo ya vuguvugu katika chupa ya plastiki laini. Ingiza moshi kidogo wa kijiti cha kiberiti kilichozimwa, funga kizibo, ibonyeze chupa kwa nguvu, kisha iachie ghafla. Ukungu utatokea. Eleza kwa nini hewa inapopanuka hupoa, na kwa nini mvuke hugeuka matone.

3. Chukua vichupa viwili vya chumvi ya mezani vyenye vifuniko vya matundu. Katika kimoja changanya punje za mchele mkavu, kama wafanyavyo watu wengi wa pwani, kingine kiache. Viangalie kwa juma zima wakati wa mvua. Mchele unafanya kazi ya chombo gani katika ndege?

Mwalimu ahakikishe kwamba hakuna mwanafunzi anayefanyia majaribio mtungi wowote wa gesi.

Maswali

1. Mtungi wa lita 12 umejazwa hewa hadi angahewa 200. Hewa hiyo ilishika lita ngapi ilipokuwa nje? Kama kila mita ya ujazo ilibeba gramu 24 za maji, maji yaliyoingia ni kiasi gani?

2. Geji inasoma angahewa 220 kwa nyuzi 32. Usiku halijoto inashuka hadi nyuzi 22, na geji inasoma 213. Je, kuna ushahidi wa mvujo? Onyesha hesabu.

3. Rubani anaripoti kwamba miguu ya ndege ilichelewa kukunjuka alipokuwa akishuka kutoka kimo kikubwa, lakini ardhini inakunjuka vizuri. Taja sababu inayowezekana, na sehemu mbili za mfumo ambazo ungeziangalia kwanza.

4. Maji yaliyomwagwa kutoka kitenganishi ni mazito na meupe kama tui. Kubadilisha dawa ya kikaushio peke yake kutatosha? Toa sababu.